Madarasa Mawili, Kidato cha Kwanza Kimoja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
na Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Dodoma.

YAH: WATOTO WATAKAOINGIA KIDATO CHA KWANZA JANUARI 2028

Waheshimiwa Mawaziri,

Nimewaandikia ninyi wawili barua moja kwa makusudi. Mwananchi akienda Wizara ya Elimu kuuliza kwa nini shule ya kata yake haina mwalimu wa Fizikia, anaambiwa walimu ni wa TAMISEMI. Akienda TAMISEMI kuuliza kwa nini mtaala umeanza kabla ya vitabu, anaambiwa mtaala ni wa Wizara. Ninalotaka kulisema limekaa katikati yenu, na hofu yangu ni kwamba kila mmoja anadhani liko mezani kwa mwenzake.

Hesabu yenyewe ni fupi. Watoto walioanza Darasa la Tatu Januari 2024 waliingia kwenye mtaala mpya, na elimu yao ya msingi inaishia Darasa la Sita. Waliokuwa Darasa la Nne mwaka uleule waliachwa kwenye utaratibu wa zamani wa miaka saba. Leo, mwaka 2026, wa kwanza wako la Tano na wa pili wako la Sita, vyumba jirani, wanacheza mpira mmoja. Wa kwanza watamaliza la Sita mwaka 2027, na wa pili watamaliza la Saba mwaka huohuo. Januari 2028 wote kwa pamoja wanatakiwa kuripoti Kidato cha Kwanza.

Si siri. Serikali yenyewe imelisema hadharani, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais aliizindua Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, haiwezi kutekelezwa bila kulipitia. Sibishani na sera. Miaka kumi ya elimu ya lazima ni jambo jema, na kwa kweli limechelewa: lilikuwa limeandikwa tayari kwenye sera ileile ya 2014 ilipozinduliwa mara ya kwanza Februari 2015 pale shule ya Majani ya Chai, Dar es Salaam, kisha likakaa kabatini karibu miaka kumi. Ninachouliza ni kitu kimoja: mpango wa Januari 2028 uko wapi, umeandikwa na nani, na kwa nini sisi tutakaowapokea hao watoto hatujauona?

Nimefundisha Hisabati kwenye shule za kata mkoani Morogoro mpaka nilipostaafu, na sasa ni mjumbe wa bodi ya shule. Mniwie radhi basi nikianza na namba.

Mwaka 2024 watahiniwa wa Darasa la Saba walizidi milioni 1.2. Waliofaulu walikuwa kama asilimia 80, na waliochaguliwa kwenda sekondari za serikali mwaka 2025 walizidi laki tisa. Huo ndio mzigo wa kawaida wa mwaka mmoja, na bado unatulemea. Sasa chukueni madarasa mawili, kisha ondoeni lile chujio la mtihani, kwa sababu elimu ikishakuwa ya lazima hadi Kidato cha Nne hakuna tena wa kubaki nyumbani kwa kufeli. Nitatumia makisio ya chini kabisa, nisije nikaambiwa natia chumvi: tuseme nyongeza ni watoto milioni moja tu juu ya wale wa kila mwaka. Kwa kiwango chenu wenyewe cha wanafunzi 40 kwa chumba, hivyo ni vyumba 25,000.

Tunazo kumbukumbu za karibuni za kulinganisha. Oktoba 2021, kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa ambazo wananchi waliziita za UVIKO, serikali ilijenga vyumba 15,000, na 12,000 kati ya hivyo vilikuwa vya sekondari. Kila aliyekuwa kwenye halmashauri wakati ule anakumbuka. Wakuu wa wilaya walishinda kwenye maeneo ya ujenzi, mafundi walipiga zege usiku kwa taa za pikipiki, saruji ikaadimika, na kila chumba kilipewa shilingi milioni 20 pamoja na viti na meza. Januari 2022 watoto waliingia kwa mkupuo mmoja, na lile jambo la aibu lililokuwa likiitwa chaguo la pili, yaani mtoto amefaulu lakini asubiri mpaka chumba kipatikane, likaisha. Naisifu kazi ile bila kusita. Lakini hesabu ya 2028 ni zaidi ya mara mbili ya vyumba vile vya sekondari, na kwa bei ileile ya mwaka 2021 ni shilingi bilioni 500. Bei ya nondo na bati ya leo mnaijua wenyewe.

Kuna watakaosema SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, itatuokoa. Mradi ule, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, uliwekewa lengo la kujenga sekondari mpya 1,000, na kata nyingi zilizokuwa hazina shule zimepata. Nimezitembelea baadhi, ni majengo mazuri yenye maabara. Ila zilipangwa kupunguza umbali na msongamano uliokuwepo tayari. Huwezi kuhesabu chumba kilekile mara mbili, kwanza kama dawa ya msongamano wa leo, kisha kama nafasi ya mgeni wa kesho.

Na vyumba ndiyo sehemu rahisi. Chumba kinajengwa kwa miezi mitatu. Mwalimu wa Hisabati au Fizikia hatengenezwi kwa miezi mitatu, ingawa tuliwahi kujaribu.

Wenye umri wangu wanakumbuka. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi iliamua kila mtoto aingie shule ya msingi, na walimu wa mpango huo, ulioitwa UPE, wakaandaliwa kazini, wengine wakiwa wamemaliza Darasa la Saba tu. Watoto waliingia shuleni, hilo hakuna wa kulikana. Kisha ilipofika 2006 na miaka iliyofuata, sekondari za kata zikaota kila mahali, na vijana waliomaliza Kidato cha Sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha. Mitaani waliitwa vodafasta. Nilifundisha nao. Walikuwa vijana wenye moyo, baadhi yao leo ni wakuu wa shule wazuri sana, lakini wakati ule walikuwa watoto waliotupwa mbele ya watoto wenzao, wengine wakifundisha masomo ambayo wao wenyewe walipata alama D.

Matokeo yalikuja baada ya miaka michache. Walioingia Kidato cha Kwanza mwaka 2009 walifanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2012, na matokeo yalipotangazwa Februari 2013, asilimia 60 walikuwa na sifuri. Nchi ilitaharuki. Waziri Mkuu aliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ukazaliwa mwaka huohuo. Watu wengi wanakumbuka Februari 2013 kama mwezi wa maafa. Sisi tuliokuwa darasani tunajua kwamba maafa yenyewe yalianza siku watoto wale walipopokelewa kwenye madarasa yasiyo na walimu. Baraza la Mitihani, NECTA, lilipiga tu picha ya kilichokuwepo.

Watoto wa Januari 2028 watafanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2031. Ninaomba tarehe hiyo mwiandike mahali, kwa sababu huenda wakati huo mtakuwa mmehamishiwa wizara nyingine, na watakaosimama bungeni kujibu ni wengine.

Mkondo mmoja wa wanafunzi 40 unakula kama vipindi 40 kwa wiki. Mwalimu anayefundisha vizuri, anayesahihisha madaftari na kuandaa somo, habebi zaidi ya vipindi ishirini na kitu. Kwa hiyo kila mkondo mpya unahitaji walau mwalimu mmoja na nusu, na mikondo 25,000 inataka walimu 37,500 wa ziada, wa sekondari peke yake. Sasa tazameni ajira zenyewe. Mwaka 2022 zilitangazwa nafasi 9,800 za ualimu, mwaka 2023 zikawa 13,130, msingi na sekondari zikijumlishwa, na sehemu kubwa ya hizo iliziba mapengo ya waliostaafu na waliofariki. Kwa mwendo huo hatufiki.

Jambo linalouma ni kwamba walimu wapo. Wako mitaani tangu ajira zilipokauka kuanzia 2015. Wanaendesha bodaboda, wanauza mitumba, wanafundisha tuisheni za shilingi mia tano, na wengine wanajitolea kwenye shule zetu kwa posho inayochangwa na wazazi. Kila zinapotangazwa nafasi, wanamiminika kwa wingi unaotisha, wanafanya usaili wa kuandika, kisha wengi wanarudi kwenye bodaboda. Serikali imewasomesha kwa mikopo inayodai irudishwe. Sijui ni mhasibu gani anayeweza kunieleza faida ya kumsomesha mwalimu wa Kemia, kumwacha anasahau, kisha kumtafuta kwa tochi Desemba 2027.

Kasoro ni moja, na lazima niiseme ili nisionekane mtetezi wa kila mwenye cheti: wengi wa hao wako kwenye masomo ya sanaa. Walimu wa Hisabati, Fizikia na masomo ya amali ni wachache kweli. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, miaka nenda rudi, wanaofaulu Hisabati wanacheza kwenye robo ya watahiniwa au chini yake, na kwenye chungu hichohicho ndimo tunamochota walimu wa Hisabati wa kesho. Kwa mkondo wa amali hali ni ngumu zaidi, maana fundi wa uashi au umeme aliye hodari anaingiza kwa wiki chache mshahara wa mwalimu wa mwezi. Kama mnataka karakana za shule ziwe na watu, hapo ndipo pa kulegeza masharti: mchukueni fundi aliyesomea VETA na mwenye miaka kumi ya kazi, mpeni mafunzo mafupi ya ualimu, na asisumbuliwe kwa kukosa shahada.

Tuje kwa majirani. Kenya ilipita njia hii Januari 2023. Watoto wa mtaala wao mpya walimaliza Gredi ya Sita, na wale wa mtaala wa zamani wakafanya mtihani wa KCPE wa Darasa la Nane, wote mwaka 2022, wote wakasonga mbele pamoja. Uamuzi wa wapi Gredi ya Saba ikae ulitoka Desemba 2022, pale kikosi kazi cha Rais chini ya Profesa Raphael Munavu kilipopendekeza wabaki kwenye majengo ya shule za msingi. Wiki chache tu kabla ya shule kufunguliwa! Wenzetu wakajikuta wanafundisha sayansi bila maabara, mwalimu mkuu wa msingi anawasimamia walimu wa sekondari wasiokubali kusimamiwa naye, na wengi wa walimu hao walikuwa wa mafunzo kazini wakilipwa kama shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi. Mwaka 2024 waliingia barabarani. Siisemi Kenya kwa kuicheka. Nasema wao walishtukizwa na muda, sisi hatuna kisingizio hicho.

Hata hivyo kuna wazo moja la Kenya ambalo nisingelitupa. Januari 2028 Darasa la Saba litakuwa limekufa nchi nzima. Tuna shule za msingi za serikali zaidi ya 17,000, na kila moja itabaki na chumba kimoja au zaidi ambacho jana kilikuwa cha la Saba. Maofisa wa mipango wataona hapo muujiza. Ningewaomba kwanza waende kwenye shule yenye watoto 120 darasani wakahesabu ni vyumba vingapi vitabaki baada ya kupunguza ule msongamano. Mjini, Dar es Salaam hasa, ambako baadhi ya shule zinasoma kwa zamu, jibu litakuwa sifuri. Vijijini, kwenye milima ya Mgeta au ng'ambo ya mto ambako masika hukata njia, jibu linaweza kuwa jema kabisa: Kidato cha Kwanza na cha Pili vikae kwenye majengo ya shule ya msingi ya kijiji, chini ya mkuu wa sekondari ya kata, na walimu wawe wanazungukia. Lakini hilo linataka sheria ndogo, muundo wa uongozi na pikipiki za walimu. Likiamuliwa Desemba 2027 litakuwa vurugu.

Nalitaja wazo hili kwa sababu ya mageto.

Wale ambao hamjaishi kwenye kata ya kijijini, niruhusuni niwaonyeshe. Shule ya kata inaweza kuwa kilomita nane au kumi kutoka kijiji cha mwisho. Mtoto hawezi kwenda na kurudi kila siku, hosteli hakuna au imejaa, kwa hiyo mzazi anampangishia chumba karibu na shule. Chumba hicho ndicho geto. Katika geto nililoingia mwaka wangu wa mwisho kazini walikuwamo wasichana watatu wa Kidato cha Pili. Kuta za tofali za kuchoma zisizopigwa lipu, bati bila dari, mlango unafungwa kwa waya. Godoro moja limeegemezwa ukutani mchana ili papatikane pa kuketi. Kwenye kona moja kuna ndoo ya maji, sufuria mbili, na kiroba cha unga kilichofungwa fundo gumu, maana unga huo ni mpaka Jumapili. Ratiba ya masomo imebandikwa juu ya kitanda cha kamba, imeandikwa kwa kalamu ya rangi, nzuri sana. Mwenye nyumba ana klabu ya pombe ya kienyeji uani. Mmoja wa wale wasichana hakufika Kidato cha Tatu, na sina haja ya kueleza kwa nini.

Wale walikuwa na miaka 15. Sasa fikirini. Kwa sera mpya mtoto anaanza la Kwanza na miaka sita, anamaliza la Sita na miaka kumi na miwili kasoro au kamili. Januari 2028 tutampangishia geto mtoto wa miaka 12. Naomba ofisa yeyote aliyeandika ratiba ya utekelezaji anijibu kama yeye angempeleka wa kwake.

Hapo ndipo neno lazima linapotaka kusimamiwa na zaidi ya waraka. Mlifanya vema Novemba 2021 kuruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, na niliona kwa macho yangu wawili waliorudi wakamaliza. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema Oktoba 2019 kwamba vifungu hivyo virekebishwe. Mtoto huyohuyo hawezi kulazimishwa na sheria moja kuwa darasani na kuruhusiwa na sheria nyingine kuwa mke wa mtu. Jambo hili si la wizara zenu peke yenu, ila hakuna wizara zinazolipa gharama yake kuliko zenu.

Kuhusu lugha nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona limepitishwa kimyakimya. Sera ya 2014 ilipotoka mwanzo ilikitaka Kiswahili kifundishie ngazi zote. Toleo la 2023 likarudi palepale tulipokuwa: msingi Kiswahili, sekondari Kiingereza. Mabishano ya lugha ya kufundishia nimeyasikia tangu nikiwa chuoni na sitayafufua yote hapa. Ninachosema ni cha Januari 2028 tu. Mpaka leo mtoto anayeingia Kidato cha Kwanza ana miaka saba ya shule mgongoni, na bado tunajua kinachotokea: zile wiki chache za kozi ya Kiingereza zinapita, kisha mwalimu wa Bayolojia anaandika ubaoni maneno ambayo darasa linayanakili kama picha. Nusu ya kipindi anafafanua kwa Kiswahili, akisikia wakaguzi wa Uthibiti Ubora wamefika anarudi Kiingereza. Mtoto ajaye atakuwa na miaka sita ya shule, si saba. Na mwalimu wa kumfundisha Kiingereza ni yuleyule ambaye naye hakukifahamu.

Na katika chumba hichohicho ataketi na mwenzake aliyemaliza la Saba, mkubwa wake kwa mwaka, aliyesoma silabasi nyingine. Mwalimu aanzie wapi? Ningependekeza, kwa kundi hili angalau, Kidato cha Kwanza kizima kiruhusiwe rasmi kufundishwa kwa lugha zote mbili, na mtihani wa Kidato cha Pili uandikwe hivyo, swali kwa Kiingereza na tafsiri yake chini. Itawatoa walimu kwenye uhalifu mdogo wanaoufanya kila siku kwa nia njema.

Kuna swali jingine ambalo wazazi wa mjini wameshaanza kuulizana, na sijasikia jibu. Shule za vipaji maalumu, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na nyingine, huchukua wachache waliofanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa la Saba. Mwaka 2027 wa la Saba watafanya mtihani wao, na wa la Sita watafanya upimaji wa aina nyingine. Nani atalinganishwa na nani, kwa karatasi ipi? Msipotangaza utaratibu mapema, mtakuja kutangaziwa na wenye ndugu ofisini.

Fedha za uendeshaji nazo haziwezi kurukwa. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka ilipangwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), mwaka 2002, na ile ya shilingi 25,000 ya sekondari wakati wa mpango wa sekondari (MMES), mwaka 2004. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, viwango vilibaki vilevile. Kwenye 10,000, shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, shule ikapata 6,000. Gawanyeni kwa siku 194 za masomo: shilingi 31 kwa mtoto kwa siku, na hapo ndipo patoke chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na umeme. Pipi moja dukani ni shilingi 50. Sekondari, nusu ikishatolewa, ni shilingi 64 kwa siku. Mkuu wa shule atakayepokea mara mbili ya wanafunzi Januari 2028 atapokea ruzuku yao lini? Kwa uzoefu, idadi hupelekwa, hupitiwa, hurekebishwa, na fedha huanza kulingana na watoto muhula wa kwanza ukiwa umekwisha.

Mtajua wenyewe kinachofuata fedha zikichelewa. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango yote shuleni, na kwa muda kidogo tulipumua na tulikosa pumzi papo hapo, kwa sababu michango ile ndiyo iliyokuwa ikiwalipa walinzi na wapishi. Imerudi polepole, safari hii kwa kibali. Ninaweza kuwatabiria Novemba 2027 bila kupiga ramli: mtendaji wa kata atapita na mgambo nyumba kwa nyumba kudai fedha za viti na meza, debe la mahindi la chakula cha mchana litakuwa mawili, na mzazi mwenye watoto wawili, mmoja la Sita na mmoja la Saba, atadaiwa sare, madaftari na geto za watoto wawili ndani ya mwezi mmoja. Wapo wazazi wa namna hiyo wengi tu. Kwetu kupishana kwa mwaka mmoja na nusu si jambo geni. Mwenye uwezo atamhamishia mmoja kwenye shule ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza. Asiye nacho atachagua nani asome, na mara nyingi tunajua atamchagua nani.

Sasa ombi langu. Sitaki semina, wala kauli ya kwamba serikali imejipanga. Nataka jedwali. Liwe na kila halmashauri, na chini ya kila halmashauri kila kata: watoto wangapi wa la Sita na la Saba watamaliza 2027, vyumba vilivyopo, vyumba vinavyokosekana, walimu waliopo kwa somo, walimu wanaokosekana kwa somo, hosteli, na fedha zitatoka kifungu gani cha bajeti. Lisainiwe na ninyi wawili pamoja. Takwimu hizo mnazo, kwa kuwa sisi ndio tunaowajazieni kila mwaka. Libandikwe kwenye ofisi za vijiji, si kwenye kompyuta za Dodoma tu.

Liwahi. Bajeti itakayosomwa Juni 2027 ndiyo ya mwisho kabla ya watoto kufika, na fedha zake zinaanza kutoka Julai, miezi sita kabla. Kwa ujenzi wa kukimbizana hiyo inatosha kidogo. Kwa ajira ya walimu, usaili, kibali cha Utumishi, kupangiwa vituo na kuripoti, haitoshi kabisa. Ajira za kundi hili zinapaswa kuanza katika mwaka wa fedha wa 2026/27, hata ikibidi barabara moja ya lami isubiri.

Na mkikuta, baada ya kuhesabu kwa ukweli, kwamba haiwezekani, basi semeni sasa. Kuna njia ya kugawanya mzigo: halmashauri zilizo tayari zianze, nyingine ziwabakize wa la Sita mwaka mmoja zaidi. Wanasiasa hawataipenda. Mimi naiona afadhali mara kumi kuliko chaguo la pili la nchi nzima, au vodafasta wapya.

Hesabu ya kata yetu tumeshaifanya, bodi ya sekondari tukiwa pamoja na kamati za shule za msingi zinazotuletea watoto. Tulichukua majina kwenye rejesta za la Tano na la Sita, tukaandika vyumba, walimu kwa masomo, na vitongoji ambavyo mtoto hawezi kutembea mpaka shuleni. Nakala ya kwanza tumemkabidhi Afisa Elimu Kata, ya pili imekwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na ya tatu iko kwenye ubao wa matangazo wa kijiji ili kila mzazi aione. Tunasubiri ya kwenu tuilinganishe.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu na mjumbe wa bodi ya shule ya kata,
Morogoro.